Siku Inchi Aliponyamaza

Mume wangu wanamwita Inchi, na jina hilo hakulipata kwa kimo, maana kwa kimo wangemwita Mlingoti. Alilipata kwa sababu hakuna rimu iliyowahi kupita kwenye banda lake bila kupimwa. Kazi yake ni matairi. Yangu ni kushona makava ya viti vya magari, na mabanda yetu yametenganishwa na ukuta wa mabati wenye tundu linalotosha kupitisha kikombe cha chai na maneno makali. Kwa miaka ishirini na mitatu nimemsikia kupitia tundu hilo akigombana na wateja juu ya milimita, nami nikawa namcheka. Naandika haya kwa sababu ya siku moja ambayo hakugombana na mtu. Siku hiyo waliokuwa ndani ya gari ni binti yetu na mwanawe.

Kwanza mjue ugomvi wenyewe ni wa nini. Mtu akinunua rimu za urembo, zile pana zinazong'aa, inabidi atafute matairi ya upana unaoziendea. Upana wa tairi umeandikwa ubavuni kwa milimita, rimu inapimwa kwa inchi, na hapo ndipo wengi wanapopotea njia. Tairi likiwa pana mno linakwaruza madigadi, yale mabati ya juu ya gurudumu, kila gari linapolemewa. Likiwa jembamba mno linalazimika kuvutwa ili kingo zake zifike kwenye midomo ya rimu, ubavu wake unalala, na vijana wanaona ni maridadi. Inchi anaona kaburi. Tairi la namna hiyo linaweza kukaa mwaka mzima bila neno, halafu siku moja, gari limejaa na kona ni kali, ukingo unachomoka kwenye rimu na upepo wote unatoka kwa mpigo mmoja.

Ndiyo maana anapima. Kipimo chake amekitengeneza mwenyewe kwa rula ya chuma na vipande viwili vya bati nene, na hakiazimwi, hata na mimi. Anapima kwa ndani, pale tairi linapokalia. "Ukipima kwa nje, mdomo kwa mdomo, umejiongezea inchi nzima ya bure," huwaambia. Anapima rimu zote nne, hata zikiwa zinafanana kama mapacha, na kila moja anaiandika namba yake kwa chaki. Akishafunga magurudumu anataka gari lijazwe watu, usukani ukatwe kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, yeye akiwa amepiga magoti anasikiliza. Hapo ndipo ninapoitwa. "Mama, njoo uwe mzigo." Ninaacha cherehani yangu, ninakwenda kukaa kiti cha nyuma cha gari la mtu nisiyemjua, na fundi wa kuchomelea wa banda la tatu anakaa pembeni yangu, maana naye Mungu hakumnyima mwili. Kwa ajili ya kazi hiyo nimekalia magari mengi kuliko waziri.

Kwa nini yuko hivyo, wateja hawajui. Alipokuwa kijana, akifanya kazi kwenye karakana ya mtu, dereva mmoja wa teksi alitaka matairi membamba kwenye rimu pana. Mume wangu alijua si sawa. Akamfungia, kwa kuwa mteja ni mfalme na yeye alikuwa mgeni kazini. Siku ya tatu teksi ilipinduka kwenye mzunguko wa barabara. Dereva yule hakufa, lakini mguu wake wa kulia haukunyooka tena, na mpaka leo wakikutana njiani humsalimu mume wangu kwa uchangamfu, kwa kuwa hajawahi kujua kosa lilikuwa la nani. Mume wangu akitoka kwenye salamu hiyo hali chakula cha mchana.

Sasa nije kwa mkwe wetu.

Mkwe wetu ni mwalimu wa hesabu, kijana mpole, ana adabu mpaka inachosha. Siku ya kwanza alipokuja kwetu na wajomba zake kujitambulisha, mume wangu aliwasalimu wageni, akakaa dakika tano, akatoka nje. Tukadhani amekwenda kununua soda. Aliporudi, mikono imejaa vumbi, akasema mbele ya wajomba wale kwamba mtu aliyeweka matairi ya upana ule kwenye rimu zile hajui anachokifanya, na yeye hawezi kumkabidhi binti kwa mtu asiyejua anachokifanya. Mjomba mmoja aliinuka kuchukua kofia yake. Nilitoa macho, nikatoa tabasamu, nikatoa kila nilichokuwa nacho mpaka wakakaa tena. Ndoa ilifungwa, lakini kwa miaka miwili mkwe wetu alikuwa akija nyumbani anaegesha gari mtaa wa pili na kumalizia kwa miguu.

Kwa hiyo nilipomsikia mume wangu akiongea naye kwa simu juu ya rimu mpya, moyo wangu ulifurahi na kuogopa kwa pamoja. Kijana alikuwa ameomba ushauri. Alisema rimu zake ni za inchi nane, amezipima mwenyewe, achukue matairi ya upana gani? Mume wangu akamwambia mia mbili na kumi na tano, hapo hutakosea. Kijana akayanunua hayohayo. Jumamosi yake wangepita asubuhi kufungiwa, kisha waendelee na safari kwenda kwa wazazi wake, kwa ile barabara inayoteremka mlima kwa kona kali.

Asubuhi hiyo, kabla hawajafika, nilimwekea mume wangu chai kwenye tundu na kumwambia, "Leo usimkague mtoto wa watu. Ameuliza, amesikia, amefanya ulivyomwambia. Ukimpimia mbele ya mkewe utakuwa umemwita mwongo."

"Kupima si kumwita mtu mwongo," alisema.

"Kwako wewe si hivyo. Kwake ni hivyo."

Alikunywa chai yake, akarudisha kikombe kwenye tundu. Nilijua nimeshinda, na nilijisikia vizuri. Nakiri hilo.

Walifika saa tatu. Rimu zilikuwa bado kwenye maboksi yake manne, na kwa kuwa wote wanajua mimi hutumia maboksi kukatia ruwaza za makava, mkwe aliyatupia upande wangu. Nilimbeba mjukuu wangu, miaka miwili, mzito kama gunia la sukari, tukasimama kutazama. Rimu zilikuwa nzuri kweli. Ukizitazama kwa mbele zilikuwa sawa zote.

Mume wangu alifunga matairi mawili ya kwanza bila neno. La tatu lilimsumbua. Kingo zilikataa kushika, upepo ukawa unatoka pembeni kwa mluzi, akamwaga maji ya sabuni, akajaribu tena, akaligonga, mwisho likalia paa na kukaa. La nne hivyohivyo. Nilimwona akiligeuza, akalipapasa ubavu kwa kiganja. Ubavu ulikuwa umelala.

"Na hizi mbili ni nane?" aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Nane, baba," mkwe akajibu kwa adabu yake. "Nilipima mwenyewe."

Mkono wa mume wangu ulikwenda mfuko wa nyuma, kilipo kipimo. Nikakohoa. Akanitazama, na nikamtolea lile jicho. Kila mke analo jicho hilo, na kila mume anajua maana yake. Mkono ukarudi. Matairi hayo mawili akayafunga nyuma, nikamwona anayajaza upepo zaidi kidogo kuliko ya mbele, na hilo lilipaswa kuniambia kitu, maana miaka yote hiyo sijawahi kumwona akifanya hivyo bila sababu. Tukaitwa kuwa mzigo. Nilikaa nyuma na binti yangu, usukani ukakatwa huku na huku, hakuna kilichokwaruza. Bila shaka hakuna kilichokwaruza. Jaribio lile hukamata tairi pana. Tairi jembamba hupita hapo likicheka.

Walipakia mizigo, wakaacha magurudumu yao ya zamani kwenye banda, wakaaga. Mume wangu alimpa mkwe mkono na kumwambia aendeshe taratibu. Neno hilo alilisema mara mbili.

Kama nusu saa baadaye nilichukua boksi la kwanza nikalipasua. Nina makasi makubwa, na huwa naanzia kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni kwa sababu hapo boksi ni gumu. Karatasi ilisema kumi na saba kwa nane: kumi na saba ni kimo cha rimu, nane ni upana. La pili, kumi na saba kwa nane. La tatu nilikuwa nimeshalikata nusu nilipoona mkasi unaivuka namba: kumi na saba kwa tisa na nusu. Nikalivuta la nne. Tisa na nusu.

Mimi si fundi wa matairi, lakini nimelala na fundi wa matairi miaka ishirini na mitatu. Nilijua kuna rimu zinazouzwa hivyo, za nyuma pana kuliko za mbele. Mkwe alikuwa amepima moja, akaona zinafanana, mwalimu wa hesabu akapiga hesabu. Nilitembea mpaka upande wa pili nikiwa na kile kipande cha boksi. Sikukipitisha kwenye tundu.

Mume wangu alikisoma akiwa amesimama.

"Nilijua," alisema. "Mkono wangu ulijua."

Nilimpigia mkwe. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Hakupokea, na nilijua hatapokea, kwa sababu katika yale mambo machache aliyowahi kukubaliana na baba mkwe wake, la kwanza lilikuwa hili: ukiwa unaendesha hushiki simu, hata akipiga nani. Nikampigia binti yangu. Simu yake ilianza kuita nyuma ya ukuta wa mabati, juu ya cherehani yangu, ilikokuwa imeachwa ikichajiwa. Niliisikia ikiita, nikawa siwezi kuikata.

Mume wangu alikuwa ameshaanza kupakia. Alirusha magurudumu mawili ya zamani kwenye pikapu yetu, jeki, spana ya nati, mtungi wa upepo. Hakuniambia nipande. Nilipanda.

Pikapu yetu ina umri wa binti yetu na haipendi haraka. Aliilazimisha. Tulipita sokoni, tukapita kituo cha mafuta, nikachungulia kila gari lililoegeshwa nikiomba liwe lao. Niliomba mtoto awe amelia njaa wakasimama, au amechafua nguo, au ametapika. Mjukuu wangu hutapika kila safari. Siku hiyo niliiomba kama neema.

"Ni mimi," nilimwambia. "Ulitaka kupima, nikakutolea jicho."

"Jicho lako halikushika spana."

"Nilikuambia usimkague."

"Ulisema. Lakini mimi ndiye niliyeliona tairi." Alipiga honi, tukalipita lori. "Yule dereva wa teksi naye nilikuwa namwonea haya. Heshima si utumwa, wanasema. Mimi mara zote mbili nimeifanya utumwa."

Nilikuwa nimekunja kile kipande cha boksi mkononi mpaka kimelowa jasho. Nilipiga simu tena na tena, ikiita tu, na kila ilipoita nilijiambia: inaita, maana yake ni nzima, ikiwa simu ni nzima na wao ni wazima. Mtu mwenye hofu anakubali ushahidi wowote.

Mteremko ukaanza. Kona ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili tupu. Mume wangu alikuwa anazihesabu chini ya pumzi, na mimi nikajikuta namfuatisha. Tairi lililovutwa huvuja pembeni kidogo kidogo, aliniambia bila kuulizwa. Likipungua upepo na mzigo ukiwa nyuma, kona moja tu inatosha. Nikamwomba asiniambie tena.

Baada ya kona ya nne tuliona matawi mabichi yamelazwa barabarani.

Kila mtu aliyewahi kusafiri anajua maana ya matawi barabarani. Mbele kuna gari lililoharibika, au kuna gari lililokwisha. Matawi hayasemi ni lipi. Mume wangu aliondoa mguu kwenye mafuta, na nikaona mikono yake imeshika usukani kama mtu anayejifunza kuendesha leo.

Kulikuwa na mistari miwili myeusi kwenye lami, ikaanza vizuri, ikapinda, ikavuka upande usiokuwa wake. Upande wa kulia ni bonde. Mistari ilikwenda kulia, karibu kabisa, nikaona changarawe zimechimbwa pale ukingoni, halafu ikarudi kushoto. Gari lilikuwa upande wa kushoto, pua ndani ya mtaro, ubavu umeegemea ukuta wa mlima. Gurudumu la nyuma lilikuwa juu, na tairi limechomoka kwenye rimu, linaning'inia.

Binti yangu alikuwa amekaa juu ya jiwe, amempakata mtoto. Mtoto alikuwa anakula biskuti.

Nilikwenda kwa kushika ubavu wa pikapu, halafu kwa kushika hewa, mpaka nikamfikia nikamgusa mtoto kichwa, mikono, miguu, nikamgusa na mama yake vilevile. Binti alikuwa na nundu kwenye paji la uso. Mkwe wetu alikuwa amesimama na kiatu kimoja, kingine na simu vikiwa bado ndani ya gari, mdomo umepasuka, na shati lake la safari limejaa udongo. Alipomwona mume wangu alijinyoosha kama askari.

"Baba, nisamehe. Hii ya nyuma nimeiona sasa ni pana; nilipima moja tu," alisema. "Nikadhani zote."

"Mimi sikupima hata moja," mume wangu alisema.

Walitazamana. Nilidhani hapo ndipo mambo yatakapoishia, wanaume wawili wamekiri, Mungu ametunusuru, twende nyumbani. Nilikuwa tayari kuanza kulia kwa raha. Lakini binti yangu aliinua kichwa. Amekulia kwenye lile banda. Kabla hajajua kusoma alikuwa akikaa kiti cha nyuma pamoja nami, mzigo mdogo kando ya mzigo mkubwa.

"Baba, nilikuona," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo ndilo lililoniumiza. "Ulipolipapasa lile tairi nilikuona. Nikajua haliko sawa. Nikasubiri useme."

Alimpangusa mtoto makombo mdomoni.

"Hukusema. Nikajiambia, kama baba amenyamaza, basi liko sawa, nimekosea mimi. Ungeguna tu, baba. Ungeguna tu nisingempandisha mtoto."

Magari mawili yalipita taratibu, abiria wakitutazama madirishani. Mtoto aliangusha biskuti, akainama kuitafuta, na mama yake akambana kifuani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, mpaka akalalamika. Mume wangu alifungua mdomo. Alikuwa na maneno kwa kila mteja aliyewahi kufika bandani kwetu, na hapo hakuwa na hata moja. Nilitaka kusema ni mimi, ni jicho langu, lakini nilimwona binti yangu ananitazama na nikajua hilo pia ameliona.

Mume wangu aliingiza mkono mfuko wa nyuma, akatoa kipimo. Alipiga magoti kwenye mtaro, penye matope, akalisukuma tairi lililoning'inia na kukiweka kipimo ndani ya rimu. Kila mtu pale alikuwa anajua namba. Ilikuwa imeandikwa kwenye boksi lililokuwa mkononi mwangu.

"Tisa na nusu," alisema kwa sauti.

Akazunguka hadi gurudumu la pili la nyuma, akalala chali chini ya gari kwa sababu halikufikika, akapima lile pia, mdomo kwa mdomo, akatoa ile inchi ya bure, maana tairi lilikuwa bado limekaa. Kipimo kikawa kinagonga chuma. Mkwe wetu alisogea, kiatu kimoja, akaokota jiwe jeupe pembeni ya lami na kuchuchumaa karibu yake.

"Tisa na nusu."

"Tisa na nusu, baba," mkwe akaitikia, akaiandika kwenye rimu.

Walikwenda mbele. Mume wangu akaikumbatia rimu iliyokuwa mtaroni, akapima, akapima tena kana kwamba mara ya kwanza haikutosha.

"Nane," alisema, akageuka kumtazama binti yake. Alisubiri.

Binti yangu alimtazama, akayatazama matope magotini mwake. Mimi sikuingilia, kwa kuwa siku ile nilikuwa nimekwisha kusema vya kutosha. Kisha aliinuka, akanipa mtoto, akateremka mtaroni na kupiga magoti kando ya baba yake, akakichukua kile kipimo kisichoazimwa kutoka mkononi mwake, na ile ya nne akaipima mwenyewe.